Madoa meupe, samaki anayelala ubavu, na ndoto ya kuzalisha klauni lochi

*"Shikamoo mtaalamu. Niko Arusha. Wiki mbili zilizopita nilinunua Dar klauni lochi watano, wale wa rangi ya machungwa wenye mistari mitatu mipana myeusi, kila mmoja urefu wa kidole, nikaja nao kwa basi. Nimewaweka kwenye tangi jipya la lita 100 lenye filta ya sponji. Hita sina. Mmoja hulala ubavu kama mfu, nikimgusa anakurupuka. Wengine wawili tangu juzi wana vidoa vyeupe kama punje za chumvi kwenye mkia na mapezi, na wanajisugua kwenye mawe. Muuzaji anasema nitupie konzi ya chumvi, jirani anasema nifungulie vidonge viwili vya tetrasaiklini. Lengo langu ni kuwazalisha niuze vifaranga. Nitajuaje dume na jike, na wataanza kuzaa baada ya miezi mingapi? Nimeambiwa nikiwawekea chungu watataga humo."*

Marahaba. Umeuliza mambo mengi kwa pamoja, nami nitayapanga kwa haraka yake, si kwa jinsi ulivyoyaandika. La kuzalisha lina nafasi ya kusubiri. La madoa halina.

Anza na huyu aliyekutisha, maana pengine ndiye mzima kuliko wote. Klauni lochi ana tabia ya kulala ubavu, kujibana kati ya mawe kichwa chini, hata kulala chali, na mfugaji asiyemzoea huenda kumtoa akamzike. Mtazame mashavu. Kama yanafunguka na kufunga taratibu na rangi yake imekolea, amepumzika tu. Kama anahema mbio, rangi imepauka na mapezi ameyabana mwilini, huyo ni mgonjwa. Nyongeza ya hapo: wakigombea ukubwa, hawa samaki hupauka kwa dakika chache, ile mistari myeusi ikawa kijivu, kisha rangi ikarudi. Ukisikia mlio wa "tak, tak" kutoka kwenye tangi wakati wa kula au kugombana, ni wao wenyewe. Hakuna kioo kinachopasuka.

Wale wawili wenye vidoa ndio wenye shida, na ndani ya siku chache watakuwa watano. Dalili ulizoeleza ni za ugonjwa wa madoa meupe, unaoletwa na kimelea kiitwacho Ichthyophthirius multifiliis. Ni kiumbe cha seli moja, si bakteria. Hapo hapo ushauri wa jirani umeanguka: tetrasaiklini ni dawa ya bakteria, haina inachoweza kumfanya huyu. Mbaya zaidi, inaweza kuwaua bakteria wema walioanza kujijenga kwenye sponji yako, na hao ndio wanaosafisha sumu ya kinyesi majini. Vidonge hivyo virudishe kabatini.

Ukiona doa, unachokiona si kimelea kilicholala juu ya ngozi. Kimejichimbia chini ya ngozi, kinajilisha humo, na ngozi yenyewe imekifunika. Ndiyo maana hakuna dawa ya kawaida ya majini itakayokigusa kikiwa pale. Kikishiba hutoboa, kikaanguka chini kwenye mchanga, kikajifunga ndani ya gamba laini na kuanza kujigawa: mmoja wakawa wawili, wanne, hadi mamia. Gamba likipasuka, vitoto vyake huogelea kutafuta samaki, na visipompata ndani ya siku mbili hivi vinakufa. Hapo tu, vikiwa vinaogelea, ndipo unapoweza kuviua.

Kwa hiyo utaona jambo linalowachanganya wengi: siku ya tatu ya tiba madoa yanapotea, mtu anashangilia, anaacha tiba. Madoa hayakupona, yameshuka mchangani kuzaliana. Wiki inayofuata yanarudi kama mvua.

Joto ndilo linaloendesha saa ya mzunguko huo. Maji yakiwa nyuzi 25 huisha ndani ya wiki moja hivi. Yakiwa ya baridi hujikokota kwa wiki kadhaa, na muda wote huo samaki wako, ambaye kwao ni nchi ya joto, anazidi kudhoofika. Sasa fikiria tangi lisilo na hita Arusha, hasa miezi ya Juni na Julai ambapo usiku watu wanalala na blanketi mbili. Klauni lochi hutoka kwenye mito ya Sumatra na Kalimantan, Indonesia, na anataka nyuzi 25 hadi 30. Safari ya basi ilimchosha, tangi jipya likamchosha, baridi ikamaliza kazi. Kati ya samaki wote wa mapambo wanaouzwa madukani, huyu ni miongoni mwa wanaowahi kabisa kupata madoa meupe. Sijashangaa hata kidogo.

Tiba ninayokushauri uianze leo ni joto. Nunua hita, kwa lita 100 katika chumba cha baridi chukua ya wati 150, pamoja na kipimajoto, usiamini namba zilizoandikwa kwenye hita. Pandisha nyuzi moja kila baada ya saa mbili au tatu mpaka ufike 30, kisha ushikilie hapo siku 14, hata kama madoa yamekwisha siku ya tano. Kwenye joto hilo kimelea kwa kawaida hushindwa kuzaliana, na klauni lochi hulivumilia vizuri. Kuna aina chache za kimelea zinazostahimili joto, nitakuja huko. Usipashe maji kwa birika ukamimina, maana kupanda na kushuka kwa ghafla ndiko kunakoua. Na kwa kuwa maji ya moto hubeba hewa kidogo kuliko ya baridi, ongeza pampu ya hewa ya pili, au angalau shusha maji kidogo ili yale ya filta yaanguke kwa kishindo. Umeme ukikatika, zungushia tangi blanketi na uache sehemu ya juu wazi.

Kila siku ya pili, nyonya uchafu wa chini kwa mpira na utoe robo ya maji. Ukinyonya mchanga unaondoa vimelea vyenyewe vikiwa vimejifunga. Maji mapya yalaze kwenye ndoo saa 24 ili klorini itoke, na yawe na joto sawa na ya tangini. Jaribu kwa mkono kwanza, kisha uthibitishe kwa kipimajoto.

Muuzaji wako hakukosea kabisa kuhusu chumvi, amekosea namna. Konzi moja katika lita 100 ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, lakini ukiitupa kavu punje zinashuka chini, na chini ndiko samaki huyu anakopekua kwa sharubu zake siku nzima. Zitamuunguza. Ukitaka kuitumia, pima gramu 100, yaani gramu 1 kwa kila lita, iyeyushe kwenye jagi la maji ya tangini, uimimine kwa awamu nne ndani ya siku nzima. Chumvi ya mezani yenye madini joto inafaa, kiwango chake cha madini joto hakimdhuru samaki. Maji yakipungua kwa kukauka usiongeze chumvi, kwa sababu chumvi haipai na mvuke. Ongeza tu kwa yale maji uliyoyatoa na kuyabadilisha. Kama una mimea ndani ya tangi, baadhi itanyauka.

Je, dawa za chupa? Nyingi za madoa meupe zina malakaiti grini, peke yake au pamoja na formalini. Zinafanya kazi. Utasikia watu wakisema klauni lochi hana magamba ndiyo maana dawa humuua. Magamba anayo, ila ni madogo sana na yamezama ndani ya ngozi, kwa hiyo kinga yake dhidi ya kemikali ni nyembamba. Ndiyo sababu wafugaji wengi humpa nusu ya dozi iliyoandikwa na kuirudia kwa siku nyingi zaidi. Mimi ningeifungua chupa hiyo ikiwa tu baada ya siku tano za nyuzi 30 bado madoa mapya yanatokea, kwani hapo huenda umepata ile aina inayostahimili joto. Ukifika huko teremsha kwanza joto hadi 27 au 28, toa mkaa kwenye filta kama upo maana utainyonya dawa yote, vaa glavu, na kaa karibu na tangi saa ya kwanza. Dawa zenye shaba usiziguse kabisa kwa samaki huyu.

Kuna adui mwingine humo ndani ambaye hukumtaja kwa sababu haonekani. Umesema tangi ni jipya. Samaki hutoa amonia kwa mashavu na kinyesi. Kwenye tangi lililokomaa bakteria huigeuza kuwa nitriti, wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati isiyo na makali. Kundi hilo la bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na wewe una wiki mbili. Sasa ongeza kwamba maji ya maeneo mengi kuzunguka Mlima Meru ni ya alkali, kwa sababu ya miamba ya volkano. Hili si jambo dogo. Amonia majini huwa na sura mbili, moja yenye sumu na moja isiyo na madhara makubwa, na kinachoamua uwiano wake ni pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ya maji, pamoja na joto. Katika nyuzi 25, maji yenye pH 7 huwa na sura ya sumu isiyofika asilimia 1. Pandisha pH iwe 8 tu, inakuwa kama asilimia 5. Kinyesi kile kile, samaki wale wale, sumu mara kumi hivi. Na joto tunalopandisha kwa ajili ya tiba linaisukuma juu zaidi.

Kwa hiyo lisha kidogo mno kwa wiki hizi mbili, mara moja kwa siku, kiasi kitakachoisha kwa dakika tatu. Kama unaweza kupata kipimo cha amonia, nunua. Kama huwezi, badilisha robo ya maji kila siku badala ya kila siku ya pili. Sponji usiioshe kwa maji ya bomba. Ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, basi.

Tuje kwenye biashara. Nitakuambia kama nilivyomwambia kila aliyeniuliza: klauni lochi hutawazalisha nyumbani, na chungu hakitasaidia. Chungu ni cha samaki wanaotaga juu ya kitu na kulinda mayai yao. Huyu hafanyi hivyo. Mvua zinapoanza, wakubwa hupanda mto kwenda kutaga, mayai hayashiki popote, yanachukuliwa na mkondo huku yakiendelea kukua, na huanguliwa baada ya takriban siku moja. Vifaranga huishia kwenye mabonde yaliyofurika ambako chakula ni kingi. Hawa wadogo wanaouzwa duniani kote, kwa miaka mingi sehemu kubwa yao ilivuliwa humo, kwenye mito kama Batang Hari na Musi ya Sumatra. Unachohitaji ni mto, mafuriko, na samaki aliyekwisha kukua.

Kukua ndiko kikwazo cha pili. Huyu wa kidole kimoja akitunzwa vizuri hufika sentimita 15 hadi 20 kwenye akwariamu, na porini hukaribia 30. Hukua haraka mwanzoni, kisha polepole sana, na huishi zaidi ya miaka 20. Huanza kupevuka akiwa na miaka kadhaa, si miezi. Kuhusu dume na jike, kwa hawa wadogo hakuna mtu atakayekutambulishia, hata kama atakuonyesha ncha za mkia akisema zilizopinda ni za dume. Alama hiyo haitegemeki. Wakubwa, jike huwa mnene wa tumbo, na hilo huonekana vizuri anapokuwa na mayai.

Waliofanikiwa kuwazalisha kwa mpangilio walitumia sindano za homoni. Watafiti wa Indonesia katika kituo cha samaki wa mapambo cha Depok, karibu na Jakarta, pamoja na wenzao wa taasisi ya IRD ya Ufaransa, walifanya kazi hiyo kwa miaka: kutunza wazazi hadi wapevuke, kunyonya sampuli ya mayai kwa mrija mwembamba ili kujua kama yako tayari, kuchoma homoni, kukamua mayai na shahawa kwa mkono, kisha kuyaangulia kwenye maji yanayozunguka. Hiyo ni maabara, si sebule. Zipo habari za hapa na pale za wafugaji waliokuta mayai kwenye matangi yao makubwa bila sindano, lakini huwezi kupanga biashara juu ya bahati ya namna hiyo. Na tafadhali usijaribu kuchoma homoni mwenyewe kwa kufuata video. Utapoteza samaki.

Nakushauri uamue sasa unawataka kwa ajili gani. Ukiwataka kwa mapenzi, ni samaki wa kukaa nao hadi watoto wako waoe. Lakini lita 100 ni chumba cha muda. Ile kauli kwamba samaki hukua kulingana na tangi ni ya kuuzia matangi madogo. Ukweli ni kwamba hudumaa kwa maji machafu na msongo, kisha hufa mapema. Watano wanahitaji lita 500 kwenda juu, urefu wa tangi mita 1.8 hivi, na uwe nalo ndani ya mwaka mmoja na nusu. Usipunguze idadi kwa kubana nafasi, kwani hawa ni samaki wa kundi, akibaki mmoja au wawili hujificha na kususia chakula. Weka mchanga laini, vipande vya bomba la PVC vipana vya kutosha ili asikwame akikua, na kifuniko, kwa sababu huruka. Ukiwahamisha tumia bakuli badala ya wavu: chini ya kila jicho ana mwiba unaofyatuka, unanasa nyuzi za wavu, na ukiuvuta unamjeruhi. Na wewe pia unakuchoma.

Chakula, wape cha kuzama, minyoo iliyogandishwa, tango, kamba wadogo. Konokono wanawapenda kupita kiasi, huwanyonya wakatoka kwenye gamba. Ila usiende kuokota konokono kwenye mifereji ya umwagiliaji au madimbwi, maana baadhi yao hubeba vimelea vya kichocho, na mikono yako ndiyo itakayokuwa majini. Wafuge wako mwenyewe kwenye ndoo, kutoka kwa mfugaji unayemjua.

Ukiwataka kwa biashara, basi rafiki yangu, umekaa kwenye maji mazuri ukatafuta samaki mbaya. Maji yako ya alkali yanayowatesa klauni lochi ni karibu na yale wanayoyapenda samaki wa maziwa yetu. Ziwa Tanganyika lina pH inayokaribia 9. Samaki wa huko kama Neolamprologus brichardi hutaga kwenye pango la jiwe, na humo ndimo chungu chako kingefaa. Tena vifaranga wa uzao wa kwanza hubaki kusaidia kulinda wadogo zao. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni rahisi zaidi: jike hubeba mayai mdomoni kama wiki tatu, bila kula, kisha hutema vifaranga vilivyokwisha kuogelea, vikubwa vya kutosha kula chakula kilichosagwa siku hiyo hiyo. Kwa tangi la lita 200 na jozi chache unaweza kuwa na cha kuuza ndani ya mwaka. Nunua kwa mtu anayewazalisha. Ukitaka kuvua ziwani mwenyewe au kuuza nje ya nchi, hilo ni la vibali, muone kwanza afisa uvuvi wa halmashauri yako. Ila usiwachanganye na klauni lochi kwenye tangi moja.

Kama ukiamua kwamba lochi hawa wamekushinda, mpe mfugaji mwenye tangi kubwa au warudishe dukani. Mtoni usiwatupe, hata mmoja.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Akifa samaki zaidi ya mmoja ndani ya siku mbili, au wakionekana wote juu ya maji wakihema, badilisha nusu ya maji mara moja na utafute mtu wa kuwaona. Vivyo hivyo ukiona vidonda vyekundu, ukungu kama pamba, au samaki anayekula vizuri huku mgongo ukizidi kuwa mwembamba kama kisu. Hilo la mwisho huwa minyoo ya tumboni, huwapata sana waliotoka porini, na lina dawa kama levamisole ambayo daktari wa mifugo ndiye apime kiasi. Maabara ya Veterinari, TVLA, ina kituo Arusha. Piga simu kwanza uulize kama wanapokea samaki. Ukienda, beba samaki aliye hai bado kwenye maji yake, au aliyekufa muda si mrefu akiwa kwenye barafu lakini hajagandishwa, pamoja na chupa ya pili yenye maji ya tangi peke yake. Aliyelala juu ya maji tangu usiku hana cha kuwaambia.

Leo usiku hita, kesho chumvi kama utaitaka, na uniandikie siku ya sita ukinitajia joto ulilolisoma kwenye kipimajoto asubuhi na jioni.